Kimyanga cha Mpunga: Siri ya Gigante

Jaruba lililoingiwa na ugonjwa wa kimyanga hulitambua ukiwa bado barabarani. Kijani kimefifia, mimea imedumaa, na ukilishika jani unaona vimistari vya manjano vimelifuata kwa urefu wake. Masuke hutoka nusu, na kinachotoka mara nyingi ni mapepe. Hakuna dawa ya kupuliza inayoua kirusi chake. Mbawakawa wanaotafuna majani hukieneza, na mkulima naye hukibeba kwa mikono na mundu wake anapotoka jaruba hili kwenda lile.

Kirusi hiki kilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1966 huko Otonglo, karibu na Kisumu, kwenye mpunga wa Sindano. Tangu hapo kimeripotiwa katika nchi nyingi za Afrika zinazolima mpunga, hadi Madagaska. Mpunga wa Supa, pamoja na harufu yake yote, hukiugua vibaya. Kati ya aina chache mno za mpunga zilizokikataa kabisa, mojawapo ilitoka Msumbiji na inaitwa Gigante.

Watafiti waliichavusha Gigante na IR64, aina inayozaa vizuri lakini inayougua. Kupima ni kazi ya mikono: majani yenye ugonjwa husagwa, maji yake huchanganywa na unga mkavu wa kukwaruza, kisha miche hupakwa kwa vidole. Watoto wa kwanza wote waliugua. Mtu asiye na subira angesema Gigante haina cha kurithisha na kuitupa. Lakini watoto hao walipojichavusha wenyewe, takriban mjukuu mmoja kati ya wanne alibaki kijani kibichi. Hesabu hiyo ina maana moja tu: ukinzani unatoka kwenye jeni moja, nayo ni fichi. Mmea lazima uipate kwa baba na kwa mama. Nakala moja haitoshi.

Jeni hiyo ilisakwa hadi kwenye kromosomu ya 4, na mwaka 2006 timu ya wanasayansi, wengi wao wa Montpellier, Ufaransa, ikaitangaza. Ni jeni inayotengeneza protini ambayo seli huitumia kuanzisha usomaji wa maagizo ya kujenga protini nyingine. Uthibitisho wao ndio ninaoupenda zaidi. Waliuchukua mmea mkinzani wakauongezea jeni ileile, ila kwa umbo lake la mpunga unaougua. Mmea ukaanza kuugua. Kwa maneno mengine, Gigante haina silaha ya ziada. Kuna kitu tu ambacho imekinyima kirusi.

Kitu gani? Kirusi chenyewe ni uzi wa RNA wenye herufi kama 4,450. Hakina mashine ya kutengeneza protini zake, kwa hiyo huazima ya mpunga. Mwanzoni mwa uzi huo kimening'iniza protini ndogo, na kwa protini hiyo hujishikiza kwenye mashine ya mwenyeji wake. Katika mpunga wa kawaida, nafasi ya 309 ya protini ya mpunga inakaliwa na asidi ya amino yenye chaji hasi, na inayodhaniwa kuikabili upande wa kirusi, kwenye nafasi ya 48, ina chaji chanya. Zinavutana. Katika Gigante, badiliko la herufi moja kwenye jeni limeweka chaji chanya pale pa 309. Chanya na chanya husukumana, na kirusi hubaki nje huku mpunga ukiendelea na kazi zake kama kawaida. Baadhi ya mipunga ya asili ya Afrika Magharibi imefika hapohapo kwa njia nyingine: vipande vifupi vya protini hiyohiyo vimekatika.

Kirusi nacho hakikulala. Maabara ilionyesha kwamba baadhi ya virusi hubadilisha nafasi ya 48: kwanza inakuwa haina chaji, kisha inakuwa hasi. Hasi ikikutana na chanya ya Gigante, zinavutana upya, na ukinzani unavunjika.

Kwa mzalishaji wa mbegu, ufichi wa jeni hii ndio wenye kero kubwa. Anayetaka kuihamishia Supa na kubakiza harufu yake atauchavusha mchanganyiko wake tena na Supa kizazi baada ya kizazi, na kila mmea wenye nakala moja utaugua sawa na usio nayo. Macho hayamsaidii. Humlazimu kukata kipande cha jani la mche na kusoma DNA yake kabla ya kuamua upi aupande na upi aung'oe.

Mimi naona kuitegemea Gigante peke yake ni kujitafutia hasara, kwani kirusi kimeshaonyesha njia ya kuizunguka. Mpunga wa Kiafrika una jeni nyingine mbili za ukinzani zinazojulikana kwa majina ya RYMV2 na RYMV3, na hiyo RYMV3 hufanya kazi hata ikiwa nakala moja. Wazalishaji wa mbegu wazipange pamoja ndani ya Supa, wasingoje Gigante ishindwe mashambani kwanza.