Rimu, Ringi au Ukingo? Uhakiki wa Istilahi za Vipimo vya Matairi

Miongoni mwa istilahi za ufundi zilizoingia katika matumizi ya kila siku bila kuchunguzwa vya kutosha ni zile zihusuzo matairi na rimu za magari ya njia mbovu. Idara nyingi za huduma vijijini huyategemea magari hayo, na vipimo vyake huandikwa katika hati za zabuni, hufasiriwa katika vitabu vya matengenezo na hufundishwa katika vyuo vya ufundi. Yafaa basi kuuliza: je, maneno tuyatumiayo humwezesha msomaji kuchagua tairi linalolingana na rimu yake? Kwa maoni yetu hayamwezeshi, na kasoro kubwa imo katika neno moja, yaani "saizi".

Tuanze na jina la kitu chenyewe. Chuma cha mviringo kinachoshika tairi huitwa na mafundi rimu au ringi, na mfasiri aliye mbali na gereji huenda akapendelea "ukingo". Neno hili la mwisho halifai, kwa kuwa rimu yenyewe ina kingo mbili, na upana wake hupimwa baina yake. "Ringi" nalo lina kazi nyingine katika gereji hiyo hiyo, kwani kuna ringi za pistoni. Ni kweli kwamba "rimu" ni bunda la karatasi huko ofisini, lakini hakuna fundi atakayefunga karatasi kwenye gari. Tunaunga mkono "rimu", na "gurudumu" libaki kuwa jina la rimu na tairi vikiwa pamoja.

Sasa tuitazame "saizi". Mtu aandikapo "tairi saizi 16" hutaja kipenyo cha rimu tu. Katika alama 235/85R16, 235 ni upana wa tairi kwa milimita. 85 ni asilimia ya upana huo ambayo ndiyo kimo cha ubavu. R huonyesha mpango wa nyuzi. Na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Upana wa rimu haumo kabisa. Linganisha tairi hilo na 265/75R16. Ukipiga hesabu, kipenyo cha nje cha la kwanza ni milimita 806 hivi na cha la pili 804. Kwa macho yanakaribia kuwa sawa, na yote mawili ni "saizi 16". Hata hivyo la kwanza kwa kawaida hupimwa likiwa juu ya rimu ya inchi 6.5, na la pili juu ya rimu ya inchi 7.5; tena hili la pili halipaswi kufungwa kwenye rimu iliyo chini ya inchi 7. Rimu nyingi zilizoundwa kwa ajili ya tairi la 7.50-16, kama zile za Land Rover za zamani na Toyota Land Cruiser za kazi, zina upana wa inchi 5.5. Hati isemayo "saizi 16" haimzuii afisa ugavi kuzinunulia tairi la 265.

Matokeo yake yanajulikana. Tairi pana likibanwa na rimu nyembamba, mbavu hutuna na kuyumba kwenye kona, na kashata huisha katikati kabla ya pembeni. Dereva apunguzapo upepo ili apite mchangani, tairi laweza kuchomoka katika rimu. Rimu ikizidi upana, mbavu huvutwa, na kingo za rimu hubaki wazi kwa mawe.

Hata "upana" wenyewe wahitaji fasili. Upana wa rimu ni nafasi ya ndani baina ya kingo mbili; apimaye kutoka nje hadi nje hupata takriban inchi moja zaidi. Upana wa tairi hupimwa kutoka ubavu hadi ubavu, wala si upana wa kashata. Tena hubadilika kwa kadiri ya milimita 5 kila rimu inapozidi au kupungua nusu inchi. Kwa hiyo upana wa tairi hauna maana kamili mpaka itajwe rimu liliyopimiwa, ambayo twapendekeza iitwe "rimu ya kipimo".

Mwisho, wafasiri wasikadirie tarakimu. Zimekuwapo rimu za inchi 16.5, hasa katika malori madogo ya Marekani. Tairi la 16 huweza kuingia katika rimu hiyo, lakini likijazwa upepo haliketi, na waya za ukingo wake zaweza kukatika kwa mlipuko. Ajali za namna hii zimewahi kuua mafundi. Nusu iliyoachwa katika tafsiri si kosa la uandishi tu.

Twapendekeza basi kwamba neno "saizi" liondolewe katika hati rasmi, na mahali pake yaandikwe mambo matatu: alama kamili ya tairi, kipenyo cha rimu, na upana wa rimu. Walimu wa ufundi nao wawafundishe wanafunzi kuyatofautisha maneno haya kabla ya kuwakabidhi pampu ya upepo.