Kunasa, Kutambua, Kugundua

Usiku wa Agosti, mtu wa Nachingwea au Ruangwa huiona buruji ya Kausi ikipita juu, kusini kidogo ya utosi. Huko ndiko kiliko kitovu cha galaksi yetu, umbali wa miaka ya nuru 26,000 hivi, na huko hutoka mionzi ya gama kwa wingi. Hewa huizuia isifike ardhini. Ndiyo maana hutafutwa kwa setilaiti, kama SAS-2 iliyorushwa San Marco, karibu na Malindi, Novemba 1972.

Je, yafaa kuandika kwamba pulsa za kitovuni “zimegunduliwa” kwa mionzi hiyo? Haifai. Kunasa mionzi si kumtambua aitoaye. Kwa pulsa ya Vela, SAS-2 ilinasa mapigo ya gama yapata 11 kwa sekunde, yenye mwendo uleule wa mapigo ya redio yaliyokwisha kujulikana. Hapo mwenye mionzi alitambulika. Kitovuni sivyo. Tangu 2009, vipimo vya setilaiti ya Fermi vimeonyesha ziada ya mionzi, lakini ziada hiyo haina pigo la kuifuatia. Wataalamu wengine huihesabu kuwa ya maelfu ya pulsa zizungukazo kwa kasi kubwa. Wengine huinasibisha na maada ya giza.

Kwa hiyo mfasiri hana budi kutenga maneno: mionzi imenaswa, chanzo hakijatambuliwa. Akiyafunika yote kwa “kugundua”, atakuwa amekata shauri ambalo wanafizikia wenyewe hawajalikata.