Munganga wa Timu Nyekundu

Nimetoka ukumbini saa nne usiku, shati limelowa chapachapa, na hata sasa ninapoandika moyo bado unanienda mbio. Jamani! Kama unaishi Dallas au miji ya jirani na umeshavuka miaka 18, Ijumaa yako imeshapata pa kwenda. Ukumbi mpya wa leza tegi umefunguliwa, na usiku huo mmoja wa wiki ni wa watu wazima peke yao. Mshindi hapewi pipi wala mwanasesere. Anapewa bahasha.

Kwa asiyeujua, huu ni mchezo wa kuwindana gizani. Unavaa kizibao chenye taa na vihisio kifuani, mgongoni na mabegani, unashika bunduki ya plastiki iliyounganishwa nacho kwa waya, unaingia kwenye vichochoro vilivyojaa ukungu wa mashine na rangi zinazowaka. Ule mstari wa leza unaouona ukikata ukungu ni wa kukusaidia kulenga tu. Kinachompata mwenzako hasa ni mwanga wa infraredi usioonekana, ndugu wa ule unaotoka kwenye rimoti ya televisheni. Hauumizi, wala hurudi nyumbani na madoa ya rangi kama kwenye peintiboli. Kizibao kinanguruma, taa zinazimika, umepatikana. Sisi tuliokua na kombolela Tanga tunaujua mchezo huu toka zamani. Tulikosa umeme wake tu.

Na mji wenyewe ndio huu! Ni hapa Dallas, mwaka 1984, George Carter III alipofungua Photon, ukumbi ulioanzisha biashara ya mchezo huu, baada ya wazo kumjia kutokana na filamu ya Star Wars ya 1977. Mimi niliukuta mchezo umeshakuwa shughuli ya siku za kuzaliwa za watoto, wazazi wamekaa nje na simu zao. Kuona watu wazima wakifunga kamba za viatu kwa makini pale mlangoni kulinisisimua kabla hata sijagusa bunduki.

Mwenye ukumbi ni Mkongo wa Lubumbashi, tunamwita Papa. Ameniambia kwamba kabla ya kununua kizibao hata kimoja alianza na swali la zawadi: je, hii si kamari? Sheria ya Texas haihesabu kuwa kamari zawadi inayotolewa kwa washindani wenyewe katika shindano la kweli la ustadi, kasi, nguvu au ustahimilivu. Kwa hiyo bahasha inatoka mfukoni mwa ukumbi, na watazamaji hawaruhusiwi kuwekeana dau hata la soda. Nimempenda kwa hilo. Fedha ikiingia mchezoni, mchezo lazima uwe safi kupindukia, na yeye amelielewa jambo hilo mapema.

Lakini uchawi wenyewe ni aina ya mchezo aliyoichagua. Ametumia mfumo wa Laserforce, kampuni ya Brisbane, Australia, wenye mchezo uitwao Space Marines 5. Dakika 15, kila mtu na kazi yake: Kamanda, mbeba silaha nzito, mpelelezi, mgavi wa risasi na tabibu. Ukipigwa unazimika sekunde 8. Maisha yana hesabu, risasi zina hesabu. Hapo ndipo nguvu za vijana wa mazoezi zinapoanza kupungua thamani, na akili inapanda bei!

Mimi sina mbio. Papa akaniangalia, akanikabidhi kizibao: “Leo weye njo munganga.” Tabibu! Nikabana kwenye kona ya ngazi, mgongo ukutani. Kwa bunduki ile ile ninayowindia, namlenga mwenzangu namwongezea maisha. Kamanda wetu, dada wa Kakamega ambaye mchana ni muuguzi wa kweli, akaja mbio akiwa amebakiwa na maisha mawili. “Daktari, haraka!” Nikamlenga. Nyuma yake ukungu ukawaka kijani: adui wawili. Taa za kizibao changu zikazimika. Moja... mbili... tatu... Sekunde 8 ni ndefu, nakuambia; nilisikia pumzi yangu, nikaona visigino vya Kamanda vikigeuka kurudi kunikinga. Ilipofika ya nane nilikuwa bado na maisha matatu, na wale wawili walikuwa wamezimika.

Ukungu ni mzito mno karibu na ngazi, na muziki unameza sauti ya Kamanda. Papa apunguze vyote viwili. Kiingilio ni sawa na pizza moja kubwa, hakuna cha kulalamikia.

Mwisho kila mmoja hupewa karatasi iliyochapwa: nani alikupiga, ulimpiga nani, ulilenga kwa usahihi kiasi gani. Ya kwangu ina alama chache kuliko ya mtu yeyote kwenye timu. Lakini timu yetu nyekundu ndiyo iliyoshinda, na dada wa Kakamega alipopokea bahasha mbele ya watu, akaifungua pale pale, akahesabu noti, akanipa mimi fungu la kwanza.

Karatasi nimeibandika kwenye friji. Shemeji ameshapiga simu mara mbili kuuliza kama Ijumaa tunakwenda, na nimeshalipia watu sita.