Kupakia na Kupakua: Sitiari za Mtandao na Hukumu ya Hadhira katika Viunga vya Bara vya Mombasa

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu nafasi ya mtandao katika maisha ya Waswahili umegawika pande mbili. Upande wa kwanza ni wa wale wanaoliona jambo hili kuwa msiba: lugha inachujuka, adabu inapotea, na fasihi simulizi inakufa mikononi mwa vijana wasiotoa macho kwenye simu. Upande wa pili ni wa wale wanaoshangilia kwamba kila mtu sasa ni mtunzi na kila simu ni kiwanda cha uchapaji. Pande zote mbili zimekosea mahali pamoja. Zimekihukumu chombo, zikaisahau hadhira.

Makala hii inakusudia kuchunguza maoni ya kila siku kuhusu mtandao kama yanavyosikika Likoni, Kisauni na Changamwe, yaani viunga vya Mombasa vilivyoko nje ya kisiwa. Hoja ya msingi ni kwamba maoni hayo, yatolewayo kwenye foleni ya feri, ndani ya matatu na vibarazani jioni, ni uhakiki kamili. Yana istilahi zake, vigezo vyake na hukumu zake. Mhakiki wa fasihi anayeyapuuza kwa kuwa hayakuandikwa hurudia kosa lilelile lililowahi kufanywa dhidi ya fasihi simulizi yenyewe.

2.0 Mahali na Njia zake

Viunga hivi vitatu huunganishwa na kisiwa kwa njia tatu tofauti. Likoni huvukwa kwa feri. Kisauni hufikiwa kwa Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980. Na Changamwe huingiwa kupitia Makupa. Kwa hiyo mkazi wa huku ni mtu wa kuvuka, na kuvuka ni kungoja. Katika kungoja huko ndimo mazungumzo yalimozaliwa tangu hapo, na ndimo simu hutolewa mfukoni leo.

Fauka ya hayo, pwani hii ndiyo lango la mtandao katika Afrika Mashariki. Waya wa baharini wa TEAMS uliwasili Mombasa mwaka 2009 kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu. SEACOM ulianza kazi mwaka huohuo, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Msomaji wa historia ya Uswahilini hawezi kukosa kuona kwamba TEAMS umeunganisha ncha mbili zilizounganishwa kwa karne nyingi na majahazi yaliyokuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Shehena ya zamani ilikuwa tende, mazulia na chumvi. Shehena ya sasa ni maneno, sauti na picha. Njia ni ileile, ila pepo za msimu hazingojwi tena.

Ulinganishi huu si pambo la mwandishi. Umo ndani ya lugha yenyewe, kama sehemu inayofuata inavyoonyesha.

3.0 Istilahi kama Sitiari

Vitenzi viwili vinavyotawala mazungumzo ya mtandao katika Kiswahili ni kupakia na kupakua. Mkazi wa Changamwe hakuhitaji kamusi ili avielewe, maana anaishi ubavuni mwa bandari ya Kilindini. Kupakia ni kutia shehena chomboni. Kupakua ni kuitoa. Bandarini vitenzi hivi vina sharti: kinachopakuliwa hupita forodhani kabla ya kuingia mjini. Hukaguliwa, hutozwa ushuru, na pengine huzuiwa. Malalamiko ya wazazi kwamba watoto wanapakua kila kitu ni sawa, kimantiki, na kulalamika kwamba pwani imefunguliwa na forodha imefungwa. Sitiari imebeba hukumu kabla ya msemaji kuitamka.

Kupakua kuna maana ya pili, nayo ni ya jikoni. Anayepakua chakula hupakulia wengine. Yeye mwenyewe aghalabu hula mwisho. Kitenzi kilipohamia kwenye simu kiligeuzwa mwelekeo: apakuaye sasa hujipakulia. Yamkini hili ni jambo dogo la kisarufi, lakini ni badiliko kubwa la kimaadili, na ndilo liletalo ule wasiwasi wa kila siku kwamba watu wameketi chumba kimoja na kila mmoja yuko peke yake. Jamii imeona hilo, na neno limehifadhi ushahidi.

Mifano mingine ni mingi. Kubofya, kabla ya kuwa tendo la kidole juu ya kioo, kulikuwa ni kulibonyeza embe ili kujua kama limeiva. Lilikuwa tendo la upimaji. Kudukua kulikuwa ni kusikiliza kwa siri mazungumzo yasiyokuhusu, na mdukuzi wa leo amerithi aibu ya yule wa jana. Kikoa, kinachotumiwa leo kwa eneo la anwani za mtandaoni, kilikuwa ni utaratibu wa kula kwa zamu, kila mmoja akitoa kwa siku yake.

Hapa ni muhimu kumkumbuka Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi mzaliwa wa Lamu aliyeishi Mombasa kwa miaka mingi na kufariki mwaka 2017. Katika Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979, alihifadhi kwa ushairi msamiati wa uundaji wa vyombo vya baharini. Mtu huyohuyo alikuwa mtungaji wa istilahi za mambo mapya, na runinga ni neno linalohusishwa na jina lake. Shughuli hizi mbili hazikuwa mbali kama zinavyoonekana. Aliyejua jina la kila ubao wa jahazi aliamini kwamba kitu kisichokuwa na jina la kienyeji ni kitu ambacho mwenyeji hajakimiliki.

Je, imani hiyo imethibitika? Jibu ni la nusu kwa nusu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya programu zake katikati ya mwongo huo. Hata hivyo, aghalabu simu za viungani huachwa katika Kiingereza, na maoni yasikikayo ni kwamba Kiswahili cha simu ni kigumu. Kauli hii hushangaza inapotoka kwa mtu aliyelelewa kwa Kimvita. Wengine wameieleza kuwa ni kasumba. Maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu mtu huyohuyo hutumia pakua, tuma, futa na bofya bila kusitasita.

Tofauti iko katika aina za maneno. Yaliyoshika kwa wepesi ni vitenzi vya kazi, vilivyokuwa hai mdomoni kabla ya mashine kuja. Yaliyobaki darasani na katika taarifa za habari ni majina yaliyoundwa kwa kuunganisha vipande, mathalani tarakilishi na kipakatalishi. Barabarani yanasemwa kompyuta na laptopu. Kipakatalishi ni jina zuri kwa anayejua kwamba mtoto hupakatwa, lakini uzuri huo umefichwa ndani ya neno refu. Barua pepe na mtandao ni majina pia, nayo yameshika, kwa sababu msikilizaji huona ndani yake vitu anavyovijua: barua, upepo na kitu kilichotanda. Kwa hiyo kauli kwamba Kiswahili cha simu ni kigumu ni hukumu ya kiujumi: inasema kwamba sitiari haionekani.

4.0 Tukio lisilokwisha

Katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, M. M. Mulokozi aliitazama fasihi hiyo kuwa ni tukio linalotawaliwa na mambo sita: fanani, hadhira, fani, tukio lenyewe, mahali na wakati. Nadharia hii ilitungwa bila kuufikiria mtandao, na kwa sababu hiyo inafaa kuupima.

Vichukuliwe visa viwili vya bahari moja. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilizama kwenye kivuko cha Mtongwe, Likoni, na watu 272 wakafa. Habari hiyo ilisafiri kwa mdomo, kwa redio na kwa magazeti. Aliyeisimulia alikuwa na uso na jina, na msikilizaji aliweza kumwuliza alikuwa wapi. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lilirudi nyuma na kutumbukia baharini kutoka kwenye feri ya MV Harambee, katika kivuko cha Likoni. Mama na bintiye mdogo walipoteza maisha, na gari halikuopolewa hadi tarehe 11 Oktoba. Safari hii zilikuwapo picha za simu, nazo zilienea nchini kabla ya wazamiaji kufika chini.

Katika kisa cha pili mambo sita ya Mulokozi yamevurugika. Fanani hayupo: aliyeinua simu hakusimulia, alinasa tu. Hadhira haina mipaka. Mahali ni popote palipo na bando. Lakini lililoathirika zaidi ni wakati. Msiba Uswahilini una muda wake. Watu hukaa matanga, kisha matanga huondolewa, na baada ya hapo jamii huwa imewapa wafiwa ruhusa ya kurudi duniani. Picha haina siku ya kuondoa matanga. Huweza kumfikia mfiwa miaka mingi baadaye, bila hodi, kutoka kwa mtu asiyemjua.

Maoni ya watu kuhusu picha za aina hii huwa ya namna mbili. Wapo wasemao kwamba isingalikuwa picha, uzembe ungefichwa na wenye mamlaka wasingeulizwa neno. Wapo wasemao kwamba maiti ana stara yake, na anayeisambaza picha ya mauti amemvua nguo asiyeweza kujifunika. Mhakiki mwenye haraka atauita mgongano huu ugomvi wa usasa na ukale. Sivyo. Kila upande umeshika kanuni ya zamani. Wa kwanza unatetea ushahidi, ambao ndio kiini cha utenzi wa matukio. Wa pili unatetea stara, ambayo ndiyo kiini cha tanzia. Kilichotokea ni kwamba mtandao umezilazimisha tanzu mbili zilizokuwa na nyakati zake tofauti zitokee kwa wakati mmoja, katika fani moja, mbele ya hadhira isiyojuana. Maoni ya watu ni juhudi ya kuzitenganisha tena.

5.0 Pingamizi na Majibu

Huenda ikadaiwa kwamba hoja hii inayapa maoni ya kila siku uzito yasiostahili. Mengi yasemwayo kuhusu mtandao, na mengi yaliyomo mtandaoni, ni umbeya na udaku. Fani ni hafifu na maudhui ni ya kupita.

Pingamizi hili linajibiwa na Mombasa yenyewe. Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, alitunga beti nyingi juu ya mambo ya siku: vita, majigambo, madeni, mapenzi na mafumbo ya wapinzani. Kwa watu wa zama zake, hayo yalikuwa maoni ya kila siku. Beti hizo zilikusanywa miongo kadhaa baadaye na W. E. Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, na hazikuchapishwa kama diwani hadi mwaka 1940. Katika muda huo kumbukumbu za watu zilifanya kazi ya uhariri. Kilichosahaulika kilisahaulika, kilichobaki kilikuwa kimekwisha kuchujwa na hadhira.

Mtandao unahifadhi bila kuchuja, na hapo ndipo penye tatizo lake la kweli. Hata hivyo, haifai kuisifu kumbukumbu kupita kiasi. Mchujo ule ulimhifadhi Muyaka, lakini haukumhifadhi mwanamke wa Kisauni aliyemjibu mwenziwe kwa ubeti kisimani, wala hamali wa Kilindini aliyeimba chini ya gunia. Hadhira ilichuja kwa busara, na pia ilichuja kwa tabaka na kwa jinsia. Maadamu mtandao unayabakiza maneno ya mpishi, dereva na mwanafunzi, umeleta mali ambayo wakusanyaji wa zamani hawakuipata. Kazi iliyobaki ni ya kuichambua.

Kazi hiyo haiwezi kufanywa kwa mabishano kama yale ya miaka ya 1970, baada ya Kichomi cha Kezilahabi kutoka mwaka 1974, ambapo wino mwingi ulimwagwa kuamua kama shairi lisilo na vina ni shairi. Swali la kama maandishi ya mtandaoni ni fasihi litamaliza miaka mingi vivyo hivyo. Swali lenye manufaa ni jingine: hadhira hii mpya inatumia vigezo gani kuhukumu, na vigezo hivyo vimetoka wapi?

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe hawakuupokea mtandao mikono mitupu. Waliupa vitenzi vya bandari na vya jikoni, na vitenzi hivyo vilikuja na masharti yake: kwamba shehena hukaguliwa, kwamba apakuaye hupakulia wenzake, kwamba adukuaye huona haya. Waliupima pia kwa kanuni za ushahidi na za stara, na pale kanuni hizo zilipogongana hawakunyamaza.

Kwa idara za fasihi, matokeo ya hoja hii ni mawili. Kwanza, watungao istilahi za programu hawana budi kuanzia kwenye vitenzi vya kazi za watu, na kuyajaribu maneno yao mahali watu wanapongoja kabla ya kuyatia kamusini. Pili, mwanafunzi atumwaye kukusanya fasihi ya mtandaoni afundishwe kwanza maana ya kuondoa matanga. Si kila kilichohifadhiwa kina ruhusa ya kuonyeshwa tena, hata kwa jina la utafiti. Forodha ambayo jamii inaitafuta haitajengwa na mashine. Itajengwa na hadhira ijuayo kitu gani cha kupitisha na kitu gani cha kurudisha baharini, na uhakiki ndio shule yake.