Magofu na Hamu ya Kale: Kibera katika Picha, Reli katika Riwaya

Makala haya yanahoji kauli iliyozoeleka katika uhakiki, kwamba hamu ya kale ni udhaifu wa msimulizi anayeukimbia wakati wake. Kibera inatulazimu kuipima upya kauli hiyo.

Picha nyingi za wageni husawiri mabati yenye kutu, mitaro na reli. Gofu ni mabaki ya kitu kilichokuwapo. Picha hizi, kinyume chake, hazina jana. Mtazamaji haelezwi kuwa waliotangulia kupewa makao hapa ni Wanubi, askari wa jeshi la Mwingereza, wala kuwa mwaka 1918 zaidi ya ekari 4,000 zilitengwa kuwa hifadhi ya kijeshi. Kitabu cha Greg Constantine, *Kenya's Nubians: Then and Now* (2011), kinauvunja ukimya huo kwa kuweka picha zake sambamba na picha za kale zilizotunzwa na familia. Hapo hamu ya kale inageuka ushahidi: mwenye picha ya babu ana hoja ya kudai ardhi. Hatimiliki ya pamoja iliyotolewa mwaka 2017 ilihusu ekari 288 tu. Katika Kawangware, ambako viwanja vingi vina wenyewe binafsi, picha haibebeshwi mzigo huo.

Hata hivyo, albamu ya familia ina mipaka. Haimwonyeshi mpangaji aliyekuja Nairobi kutafuta kazi, ilhali ubomoaji wa Julai 2018, uliofanywa kupisha barabara, haukumbagua.

Pengo hili linazibwa na riwaya ya M.G. Vassanji, *The In-Between World of Vikram Lall* (2003). Akiwa Kanada, Vikram anaikumbuka Nakuru ya 1953 na reli ambayo babu yake, kibarua kutoka Punjab, alishiriki kuijenga; reli hiyohiyo inakatiza Kibera. Utamu wa kumbukumbu zake hautengani na ukiri wake wa ufisadi. Msomaji anapewa jana pamoja na madeni yake.

Wahenga walinena kuwa yaliyopita si ndwele. Kwa asiye na hati, yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe, maana ndiyo yanayoamua atalala wapi kesho. Mhakiki basi asiishutumu hamu ya kale kabla ya kuuliza inadai nini, na katika kudai huko inamficha nani.