Ufundi wa Kutoonekana

Kujificha porini ni ufundi unaosimama juu ya mambo matatu: rangi, mahali na utulivu. Rangi peke yake haitoshi. Chui akilala chini ya mti ambapo jua na kivuli vimechanganyika, madoa yake humpoteza machoni. Akitoka uwanjani, madoa hayo hayo humtangaza. Swala naye ana mgongo wa hudhurungi na tumbo jeupe. Jua la utosini hung'arisha mgongo na kutia kivuli tumboni, hivyo rangi hizo mbili husawazishana na umbo lake huwa gumu kutambulika kwa mbali.

Anayeunganisha yote matatu ni kipasuasanda. Ndege huyu wa usiku hajengi kiota. Hutaga juu ya majani makavu au ardhi tupu na kuyaatamia mayai yake mchana. Manyoya yake ya kijivu, kahawia na nyeusi hayatofautiani na takataka za msituni. Macho yake makubwa huyafumba hadi ubaki ufa mwembamba, maana jicho jeusi linalong'aa lingemfichua. Hatikisiki mpaka adui awe hatua chache tu kutoka kwake. Utafiti uliofanywa Zambia na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa kila kipasuasanda huchagua mahali panapolingana na manyoya yake mwenyewe kuliko ya wenzake. Ndege wengine wa chini, ambao hukimbia adui akiwa bado mbali, huchagua mahali panapolingana na mayai, kwa kuwa mayai ndiyo yatakayobaki bila mlinzi.

Kinyonga anasifiwa kwa kubadilika rangi, lakini mara nyingi mabadiliko hayo ni ya kuonyesha hasira au kutafuta mwenzi. Mwaka 2015 watafiti wa Geneva walieleza kuwa ngozi yake ina fuwele ndogo mno, na nafasi kati ya fuwele hizo zikitanuka, rangi inayoakisiwa hubadilika. Kinachomficha zaidi ni kijani chake cha kawaida na mwendo wake wa kuyumbayumba, mfano wa jani linalopeperushwa na upepo.

Baharini bingwa ni pweza. Ngozi yake imejaa vifuko vidogo vya rangi, na kila kifuko kimezungukwa na misuli inayopokea amri kutoka kwenye ubongo. Misuli ikivuta, kifuko hutanuka na rangi hujitokeza; ikilegea, rangi husinyaa. Kazi yote humalizika kwa chini ya sekunde moja. Papo hapo ngozi huinua vinundu, na mwili laini ukawa wa kukwaruza kama jiwe la tumbawe. La ajabu ni kwamba jicho lake lina aina moja tu ya chembe za kupokea mwanga, kwa hiyo huenda halitofautishi rangi kama jicho la binadamu. Pamoja na kujificha huko kote, wanaochokoa pweza Unguja na Pemba wakati wa bamvua humpata: hawatafuti mwili wake, hutafuta makombe na magamba ya kaa aliyoyatupa mlangoni mwa pango.

Ufundi huu wote hutegemea mandhari. Msitu ukifyekwa, majani makavu yakichomwa au tumbawe likivunjwa, mnyama hubaki na rangi isiyofanana na chochote, na adui humwona.