Baiti Sifuri za Kupakua

Vituo vingi vya afya vya Homa Bay na Migori hutunza rekodi za wagonjwa wa VVU kwa KenyaEMR, mfumo uliojengwa juu ya OpenMRS, kazi iliyoanza mwaka 2004. Seva hukaa palepale kituoni, mara nyingi ikiendeshwa na Ubuntu, na faili la mgonjwa hufunguka hata intaneti ikipotea kutwa. Kazi ngumu huja siku ya kusakinisha kitu kipya.

Hapo ndipo ninapouvulia kofia ustadi wa apt, zana ya Ubuntu ya kusakinisha programu, iliyotoka kwa watu wa Debian mwaka 1998. Ukiiagiza isakinishe programu, haikimbilii mtandaoni. Husoma kwanza daftari la vilivyomo ndani ya mashine, kisha orodha za vifurushi ilizochukua mara ya mwisho ulipoiambia isasishe. Hesabu nzima ya nani anamtegemea nani, na kwa toleo lipi, humalizikia kwenye diski. Baadaye hukagua ghala lake, /var/cache/apt/archives. Kilichomo humo kikiwa kamili hakipakuliwi tena. Mtandao ukikatika katikati, kipande kilichokwisha kufika huwekwa kwenye folda ya partial, na kazi huendelea kilipoishia. Kwa fundi aliye kisiwani Mfangano na bando la simu, hiyo ni fadhila kubwa.

Chini yake kuna dpkg, inayosakinisha vifurushi vyenyewe, ambayo mtandao haiujui kabisa. Ikikosa kitegemezi, hukitaja kwa jina na kusimama hapo. Wengine huiona ngumu. Mimi naipenda kwa ukweli wake.

Fundi hodari huufuata mpangilio huo. Akiwa mjini penye mtandao, huagiza vifurushi vipakuliwe bila kusakinishwa, kisha hunakili ghala pamoja na zile orodha kwenye flashi. Mashine ya kuandalia lazima iwe na toleo lilelile la Ubuntu, tena isiwe na programu zaidi ya ile anayoiendea. Ikiwa imesheheni, apt itaona vitegemezi fulani vipo tayari na kuviruka, na pengo litajulikana akiwa ameshafika kituoni. Umakini huo haupo kwenye amri yoyote. Ni wa fundi mwenyewe.

Akifika Muhuru Bay huweka kila kitu mahali pake na kutoa amri. apt hupiga hesabu, huandika kwamba za kupakua ni baiti 0, na kuuliza kama iendelee.